Tukizeeka tutakaa wapi: mlimani, bondeni ao mjini?



Mara nyingi tunawaandikia juu ya kahawa, magonjwa ya migomba na bei ya soko. Safari hii tunazungumza juu ya sisi wenyewe. Siku nguvu za jembe zitapungua, tutakaa wapi?

Swali hili lilitoka kinywani mwa mwanachama mmoja, katika mkutano wa koperative ya kahawa kwenye milima ya Kabare. Mambo ya mifuko na deni yalikuwa yameisha, watu wanaanza kuchukua kofia zao, mzee wa miaka 67 akasimama. Akasema: "Miye niko na swali moja tu. Kuko mutu anaitaka shamba yangu yote, na nyumba. Franga iko tayari. Anarudia siku ya posho. Nimuuzishie ao nikatae?"

Akaeleza. Watoto wake wawili wanakaa Bukavu, wanamwita: "Baba na Mama, shukeni, mutakufa kule peke yenu." Mdogo wake anakaa kwenye uwanda wa Ruzizi, njia ya Uvira, naye anamwita: "Huku kuko joto, mifupa yako itapona." Yeye mwenyewe hapendi kuacha kilima alichozaliwa, lakini magoti yanakataa kupanda. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, sababu karibu kila mmoja aliona swali lile ni lake.

Siku ile hatukumjibu. Tulimwomba amwambie mnunuzi asubiri. Kisha tulikaa pamoja naye, mke wake, na wazee wengine wa koperative. Haya yafuatayo ni matunda ya mazungumzo yale. Ni ya wenye miaka 60, lakini pia ni ya wenye miaka 40, sababu nyumba ya uzee na avoka ya uzee hazipandwi siku mgongo unapopinda.

1. Shamba ndilo pansio yetu

Mtu wa mshahara, akizeeka, anapewa pansio kidogo kila kipindi. Wachache kati yetu walifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai ao ya kinini. Hao watafute namba yao ya CNSS na barua zao za kazi, wasizitupe. Wengi wetu hatuna karatasi hiyo. Pansio yetu ni mikahawa, migomba, mistari ya mikaratusi na mbuzi wawili.

Kwa hiyo, kuuzisha shamba lote ni kula pansio yote kwa siku moja. Franga nyingi mkononi zina watu wengi. Kuko kijana anayetaka pikipiki, kuko mahari ya mjukuu, kuko deni la hospitali la shemeji. Hakuna mtu mbaya kati yao, wote ni ndugu. Lakini kisha mwaka ao miwili franga zimekwisha, na shamba lina mwenyewe mwingine.

Tulimpa mzee na mke wake kazi ndogo: kwa juma moja, wahesabu kila kitu wanachokula ao kutumia bila kulipa franga. Mzee alitaja vitano: ndizi, maharagi, muhogo, kuni, kahawa. Mama alikuwa anatia punje ya maharagi ndani ya kikombe kwa kila kitu. Siku ya juma alileta kikombe, ndani mlikuwa punje kumi na saba. Kulikuwa sombe, lengalenga, maboga na majani yake, avoka, mayai, maji ya chemchemi, majani ya dawa ya kikohozi, na nyasi za mbuzi. Akasema: "Ku muji, hii yote ni franga. Hata kuni ya kupika hayo maharagi."

Fanyeni kazi hiyo nyumbani kwenu mbele ya kuongea na mnunuzi yeyote.

2. Hewa ya mahali na mwili wa mzee

Watu wanasema "kule kuko joto" ao "kule kuko baridi", lakini mara nyingi hawahesabu. Kuko kanuni rahisi: ukipanda metre 100 kwenda juu, baridi inaongezeka karibu nusu ya digrii ao zaidi kidogo. Ukipanda metre 1.000, ni karibu digrii 6. Nyumba ya mzee wetu iko karibu metre 1.900. Mji wa Bukavu uko kwenye metre 1.500 na kidogo. Uwanda wa Ruzizi uko kati ya metre 800 na 1.000. Kwa hiyo kutoka kwake mpaka kwa mdogo wake, siku moja ya gari, anabadilisha karibu digrii 6. Kwa kijana ni jambo la kuvua koti. Kwa mzee ni jambo la mwili mzima.

Baridi ya mlimani. Wazee wengi wanasikia maumivu ya viungo zaidi wakati wa baridi, hasa usiku wa kiangazi, mwezi wa 6 na wa 7. Lakini tulichoona katika nyumba nyingi ni kwamba kinachoumiza zaidi kifua cha mzee ni moshi. Anafunga mlango na dirisha, anawasha kuni ndani, anavuta moshi usiku kucha. Wengine wanaingiza mbabula yenye makala ndani ya chumba cha kulala. Hilo ni hatari kubwa sana: makala yanatoa hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka, na watu wanalala bila kuamka tena. Kuliko kuhama kwa sababu ya baridi, anza na hii: jiko nje ao lenye njia ya moshi, kuta zisizo na matundu, kitanda kisichogusa udongo, blanketi mbili na soksi. Ni bei ndogo kuliko kuhama.

Joto la bondeni. Ni kweli, viungo vinalegea. Muhogo pia unakomaa mbio: bondeni unaweza kuvuna ndani ya miezi 9 mpaka 12, wakati kule juu unangoja mwaka na nusu, hata miwili. Lakini mwili wa mzee haupigi kelele ya kiu sawa na wa kijana. Anaweza kukauka bila kusikia kiu. Anayekaa kwenye joto anywe maji safi kila mara, hata kama hayataki, na kazi ya shamba aifanye asubuhi mapema.

Malaria. Hapa tunaomba msikie vizuri. Kwenye milima mirefu mbu wa malaria ni wachache, na kadiri unavyoshuka wanaongezeka. Mtu aliyezaliwa bondeni amepigwa na malaria tangu utoto, mwili wake umejifunza kupigana nayo kidogo. Mtu aliyeishi miaka 60 mlimani hana mazoea hayo. Akishuka, malaria inaweza kumkamata kwa nguvu sawa na mtoto mdogo. Kwa hiyo mzee anayehamia bondeni alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa ikianza aende kupimwa siku ileile.

Mvua na maji. Uwandani mvua ni kidogo kuliko mlimani na kiangazi ni kirefu. Anayezoea kupanda maharagi misimu miwili bila kuwaza maji, kule atajifunza upya. Na kando ya ziwa Tanganyika kipindupindu hurudi mara kwa mara, hasa mahali watu wanapochota maji ya ziwa ao ya mto bila kuyasafisha.

3. Mjini kwa watoto

Mji una mazuri yake, tusiufiche. Hospitali kubwa iko karibu. Ukishikwa usiku, kuko gari ao pikipiki. Wajukuu wako mbele ya macho. Mwenye ugonjwa wa sukari, wa damu kupanda, ao anayehitaji muganga kila mwezi, mji unaweza kumwongezea miaka.

Lakini tuulize maswali ambayo watoto hawayasemi. Chumba chako kitakuwa wapi? Kijana anakaa ndani ya nyumba ya kupanga ao yake? Nyumba ya kupanga ikipanda bei, mzee anahama pamoja na masufuria. Nani anachota maji siku bomba linakauka? Mchana, watoto wakienda kazini na wajukuu shuleni, unaongea na nani?

Na parsele ya mjini inataka macho mawili. Parsele moja inaweza kuuzishwa kwa watu wawili. Bukavu imejengwa kwenye miteremko mikali. Wakati wa mvua udongo unatelemka, na parsele ya bei rahisi mara nyingi iko palepale pa kutelemka. Wanachama wa upande wa Goma wanajua yao: volkano ya Nyiragongo ilishusha moto 1977, 2002 na 2021, na kati ya Goma na Sake kuko mashimo yenye mazuku, ile hewa nzito inayoua mbuzi na hata watu. Mgeni hajui mashimo hayo, na mwenye kuuzisha anaweza kunyamaza. Ulizeni majirani.

4. Mahali pa maji makubwa

Popote utakapochagua, uliza wazee wa pale: maji yalipita wapi zamani? Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulivamia mji wa Uvira. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, ndani ya Kalehe, mito ilishuka na mawe na kufunika Bushushu na Nyamukubi, mamia ya watu wakafa. Kijana anaweza kukimbia. Mzee mwenye fimbo, usiku, ndani ya mvua, hakimbii. Kwa hiyo usijenge nyumba ya uzee kwenye mdomo wa mto, wala chini ya mteremko uliokatwa miti yote, hata kama udongo wa pale ni mzuri sana. Udongo mzuri wa pale uliletwa na maji, na maji yanajua njia ya kurudi.

5. Hesabu tatu za mguu

Kisha hewa, kuko jambo linaloshinda yote: mguu. Mahali pazuri pa mzee ni mahali ambapo mguu wake mwenyewe unafika kwenye vitu vitatu. Tulienda na mzee na saa mkononi, tukapima.

Maji. Mtu mmoja anahitaji karibu litre 20 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Wazee wawili ni bidoni mbili, na kila bidoni moja ni kilo 20. Nani atazibeba mwaka huu? Na kisha miaka kumi, nani?

Muganga. Usipime kwa mwendo wa kijana wako. Mahali kijana anatembea dakika 30, mzee mwenye magoti mabaya anatembea saa moja, na siku ya homa hatembei kabisa. Kwa mzee wetu, kituo cha afya kilikuwa saa moja na nusu kushuka. Kupanda kurudi, alipumzika mara tisa.

Watu. Kanisa ao msikiti, soko, MUSO, likelemba, meza ya kasikisi, jirani wa kuomba chumvi. Hapa ndipo Mama alipotushangaza. Alikuwa amenyamaza wakati wa mazungumzo yote juu ya digrii na malaria. Tulipofika hapa akasema: "Miye niko ndani ya MUSO na bamama bale tangu miaka kumi na mbili. Nikigonjwa, banakuja kunilimia. Ku Bukavu nani atanilimia? Na nitalima nini?" Mume wake hakuwa amemuuliza mbele ya siku ile. Tunawaomba wababa: ulizeni. Mara nyingi ni mama anayebaki wa mwisho ndani ya nyumba hiyo, kwa hiyo anayechagua nyumba ya uzee anachagua hasa nyumba ya mjane.

Kama uko ndani ya mituele ya afya, uliza pia: ukihama, kadi yako inafanya kazi kule, ao unaanza upya na kungoja miezi?

6. Jaribu kwanza, na jaribu wakati mbaya

Watu wanatembelea mahali wakati wa sikukuu, wanakula vizuri, wanarudi wanasema: "Kule ni kuzuri." Sikukuu haionyeshi mahali. Jaribu wakati mbaya:

Mjini, nenda mwezi wa 9, wakati franga zote zinaingia kwenye masomo ya watoto. Utaona kama mahali pako kwenye meza pako kweli.

Bondeni, nenda mwezi wa 8 kwa joto na vumbi, na mara ya pili mwezi wa 4 kwa mvua, matope na mbu.

Mlimani kwako, angalia kwa macho ya mgeni mwezi wa 3 na wa 4, wakati njia inateleza, na mwezi wa 7, usiku wa baridi.

Kaeni si chini ya majuma mawili kila mahali, baba na mama pamoja. Usiuzishe kitu mbele ya majaribio hayo kuisha. Ukikosa mtu wa kulinda shamba, ndiyo kazi ya koperative, tutasema chini.

7. Ukibaki, punguza shamba, usilifuate

Wengi watabaki, kwa kupenda ao kwa kukosa njia. Kubaki pia kunataka matengenezo. Shamba la mzee lisiwe shamba la kijana lililochoka.

Mikahawa mizee na mirefu, ikate karibu sentimetre 30 kutoka chini, kwa mteremko ili maji yasilale juu ya kisiki. Bakiza machipukizi mawili ao matatu yenye nguvu. Kisha miaka miwili hivi inazaa tena, na matunda yako kwenye urefu wa mkono, bila kupanda wala kuvuta matawi. Usikate yote mwaka mmoja: kata sehemu moja kwa tatu, mwaka unaofuata sehemu ya pili, ili mavuno yasikatike.

Leta chakula karibu na mlango: migomba michache yenye mbolea ya kutosha, lengalenga, maboga, avoka mbili za kupandikizwa, ambazo zinaweza kuanza kuzaa kisha miaka mitatu ao minne. Ng'ombe anataka kijana wa kumfuata. Kuku, sungura na simbiliki wanamfuata mzee nyumbani. Shamba la mbali ao la mteremko mkali, mpe kijana alime kwa kugawana nusu kwa nusu, na mwandike mbele ya mashahidi: nani analeta mbolea, nani analipa wavunaji, nani anapeleka kahawa kwenye koperative na kwa jina gani.

8. Karatasi

Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na haki ya mtu juu yake inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa. Karatasi ya kuuzisha iliyosainiwa na watu wawili kwenye meza ya bia ni ushahidi wa franga kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Haitoshi kukufanya mwenye udongo.

Kwa desturi ya Bushi, wengi wetu tuko kwenye kalinzi: mababu walitoa ng'ombe ao kitu kingine kwa shefu, na haki ile inapita kwa watoto. Hiyo ni haki nzito. Usiibadilishe na bwasa, yaani kukodi kwa muda, ambako hupandi kahawa wala miti, na mwenye udongo anaweza kukuambia: "Musimu ijayo, hapana." Tumeona wazee walioacha kalinzi ya baba yao, na kisha miaka michache wanalima bwasa kwa mtu mdogo kuliko mtoto wao. Anayehama aulize swali hili moja: ninatoka kwenye haki gani, naingia kwenye haki gani?

Na ndoa iandikishwe kwenye ofisi ya Serikali. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa pamoja. Lakini mama asiye na karatasi ya ndoa anapata shida kuionyesha haki hiyo siku ndugu wa mume wanafika na kufuli yao.

9. Jambo tusilolichagua

Tunajua kwamba wengi wenu hawakuchagua mahali wanapokaa leo. Vita iliwachagulia. Wazee wamebebwa mgongoni, wengine walikataa kuondoka. Hatuna jibu la kijitabu kwa jambo hilo. Tunasema mawili tu. Wekeni karatasi zote, za shamba, ndoa, mituele na namba ya koperative, ndani ya mfuko mmoja usioingiza maji, na mtu wa pili ajue uko wapi. Na mukichagua mahali, muulize pia: siku ya kukimbia, nani anamshika mzee mkono? Jina la mtu lijulikane mapema.

10. Koperative inaweza kufanya nini

Haya yalitoka kwa wanachama wenyewe, nasi tunaona yanawezekana bila franga nyingi:

Kamati iweke orodha ya wanachama wenye zaidi ya miaka 60, na kila mmoja awe na kijana wa karibu anayepeleka kahawa yake mbivu kwenye kituo cha kuosha wakati wa mavuno.

Mzee anayekwenda kujaribu mahali pengine, koperative imlindie shamba kwa mwezi mmoja ao miwili, kwa zamu.

Kabla mwanachama hajauzisha shamba la kahawa, aje kwanza aseme kwenye koperative. Si kwa kuomba ruhusa, shamba ni lake. Ni kwa sababu mwanachama mwingine anaweza kukodi ao kununua sehemu ndogo, na mzee akabaki na nyumba yake na migomba yake.

Someni tena sheria ndogo zenu: mwanachama akihama ao akifa, fungu lake linarudishwa namna gani, na mtoto ao mjane anaweza kuchukua nafasi yake? Kama hamujui jibu, ni jambo la kuweka kwenye mkutano mkuu unaokuja.

Mzee alifanya nini

Siku ya posho mnunuzi alirudi. Mzee alimwambia asubiri. Mnunuzi alikasirika, akaongeza franga kidogo, akakasirika tena, akaenda.

Mwezi wa 8, mzee na mama walishuka Ruzizi. Juma la kwanza mzee alitembea bila fimbo, akatuma habari kwamba amepata paradiso. Juma la pili Mama alishikwa na malaria kali. Alipimwa mapema, akapona, lakini alirudi mwembamba. Mwezi wa 9 walienda Bukavu. Watoto waliwapokea vizuri sana, walilala kwenye kitanda cha watoto, na wajukuu wanne wakalala chini sebuleni. Kisha majuma matatu Mama alisema: "Banatupenda. Lakini tunabakalia ku kichwa."

Hawakuuzisha, na hawakubaki palepale. Ukoo wa Mama ulikuwa na kipande cha kalinzi chini ya kilima, karibu na njia ya gari, dakika kumi na tano za mzee kutoka kituo cha afya na dakika tano kutoka bomba. Waliuzisha mistari miwili ya mikaratusi na dume moja, wakajenga nyumba ndogo ya vyumba viwili, jiko likiwa nje. Shamba la juu analilima binti yao na mume wake, nusu kwa nusu, karatasi iko kwenye ofisi ya koperative. Mama hakuacha MUSO yake. Mzee bado anapanda kuangalia mikahawa, mara moja kwa juma, polepole.

Tulipomtembelea mwisho, tulimuuliza kama amefurahi. Alisema soko lina makelele, vijana wanapiga muziki mpaka usiku, na kutoka pale haoni tena ziwa. Kisha akatuonyesha avoka mbili alizopanda mbele ya mlango, zimefika kwenye goti. Hakutuambia kama amefurahi. Alitukataza kuzikanyaga.

Kwa mkutano wenu unaokuja, tunaomba kila kamati isome habari hii kwa sauti na iulize maswali matatu: nani kati yetu anafikiri kuhama? Amehesabu punje za maharagi? Na mke wake amesema nini? Majibu, na ushauri wenu ulioushinda huu wetu, mutuletee kupitia mwalimu wa kilimo wa eneo lenu. Tutayaweka katika toleo linalofuata.